Kuiba Vilivyoibiwa: Hadithi za Watoto na Siwa Isiyokwenda London

Usiku mmoja baada ya isha, mtoto wa ndugu yangu, umri wake miaka 10, alinisomea hadithi aliyoitunga kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Watoto watatu wa Malindi ya hapa Unguja wanajificha ndani ya jahazi, wanafika London, wanaingia makumbusho kwa dirisha la choo na kutoka na siwa, baragumu la enzi, ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja. Mlinzi kalala fofofo. Siwa inapulizwa Forodhani na mji mzima unakula urojo bure. Nilicheka sana. Kisha akauliza: "Ami, aliyemwibia mwizi, naye ni mwizi?" Nikasingizia chai inapoa.

Hadithi za aina hii zimeshamiri, vitabuni na kwenye michezo ya kompyuta, na hapa mjini wapo wazazi wanaozipenda na wapo wanaozikunjia uso. Wote wana lao la maana.

Wanaozipenda wanasema mtoto wa Unguja anapita Forodhani kila siku bila ya kujua anapita wapi. Hapo pwani, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja. Seyyid Khalid, aliyejitwalia kiti cha usultani, akakimbilia kwa Wajerumani, na meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazama bandarini, milingoti yake ikichomoza juu ya maji. Aliyeziongoza manowari hizo ni Harry Rawson. Haikupita hata nusu mwaka kamili, Februari 1897, Rawson huyo huyo akauvamia mji wa Benin, katika Nigeria ya leo. Mji ukaungua, na maelfu ya sanamu na mabamba ya shaba yakapakiwa melini, mengi yakauzwa na kutawanyika Ulaya. Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha sita na sikuambiwa kwamba ni mtu mmoja. Mtoto akishajua hilo, Benin haiwi tena nchi ya mbali, na hadithi ya kusisimua hulifikisha jambo kama hilo upesi kuliko orodha ya tarehe za mtihani.

Tena hilo dirisha la choo lina sababu. Sheria ya mwaka 1963 inaibana British Museum, makumbusho makubwa ya London, isitoe vitu vyake ila kwa sababu chache mno, ndiyo maana mwaka 2024 dhahabu ya Waasante ilikwenda Ghana kwa mkopo. Mwenye mali anaazimwa mali yake! Mlango wa mbele ukiwa na kufuli namna hiyo, mtunzi afanyeje asipande dirishani?

Wanaozikunjia uso nao si watetezi wa wakoloni. Tatizo lao ni kwamba mwizi wa hadithi hizi siku zote ni mgeni mwenye kofia. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa ndani ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva, na hakikurudi mpaka 2010. Hakuna Rawson hapo. Kilitoka kwetu, tukiwa tumeshajitawala.

Na kuna milango. Mtaani kwetu, Mkunazini, palikuwa na mlango wa nakshi na njumu. Udogoni tulikuwa tukizihesabu njumu zake kwa vidole, na jua la adhuhuri likizipiga hazishikiki. Miimo ilichongwa mnyororo, mfaa umejaa maua. Ramadhani moja nimerudi kutoka bara nikakuta geti la chuma limepakwa rangi ya buluu, saruji pembeni bado mbichi. Mwenyewe aliuuza. Paa lilikuwa linavuja na mama yake mgonjwa. Mnunuzi alilipa taslimu. Nani atapanda dirisha usiku kuurudisha mlango wenye risiti?

Hapa ndipo wasiotaka kurudisha chochote wanaporukia: mnaona, hawawezi kutunza. Watataja na Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la hapa Forodhani, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Lilikuwa pigo, hatuna haja ya kulificha. Lakini mwaka 2023 British Museum yenyewe ilikiri kwamba vitu kama 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa ndani ya maghala yake, na sikusikia mtu akisema vilivyobaki vihamishiwe Chake Chake. Uzembe wa mwenye nyumba haumhalalishii mwizi kukaa na mali.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa hadithi, ila ninayo lawama yangu, na si ya wizi. Ni uvivu wa njama. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 lirudishwe, likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 35, mwisho wake gavana akalitafuta kati ya mafuvu mengi huko Bremen. Kuna mtunzi gani angekosa kisa hapo? Daftari la makumbusho linaloandika kitu kimeingia lini na kimeletwa na nani ni ramani ya hazina kuliko karatasi yoyote iliyochomwa kingo. Mpe mtoto mmoja kati ya wale watatu kazi ya kulisoma, wenzake waruke ukuta wakitaka.

Nilimwambia mtunzi wangu hayo, akasikiliza nusu. Kilichomshtua ni kingine: kwamba siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu hazikuchukuliwa na Mwingereza yeyote kwenda London, zilibaki Unguja zikawekwa makumbusho ya hapa hapa. Alinitazama kama nimemwibia mimi.

"Sasa mbona hatujapelekwa kuziona?"

Kurasa za London kazikata kwa kalamu nyekundu. Jahazi kaliacha, anasema litafaa kwenda Pemba.