Balbu tunaijaribu dukani, kamera tunaichukua kwa imani

Kinachonifurahisha katika soko la mitumba la hapa Dresden, Ujerumani, lile la Jumamosi kando ya mto Elbe, ni kitu kidogo sana. Ukiinua kamera ya zamani ya mkanda mezani na kuanza kuigeuzageuza, muuzaji hakuulizi kama unanunua au unachezea. Anavuta mwenyewe kile kizungushio cha kurudishia mkanda, mgongo unafunguka, anakukabidhi uangalie ndani. Ukimwomba asubiri uweke betri yako, anasubiri. Ukiirudisha mezani bila kununua, mnaagana vizuri.

Nyumbani mnakujua. "Nzima hii, kaka, ni original, imetoka Ulaya." Ukiomba kuifungua unaambiwa utaiharibu. Ya mtandaoni ndiyo usiseme: picha tatu zenye giza, tuma pesa na ya kutolea, mzigo utaukuta kwenye basi. Na risiti, kama ipo, imeshaandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kinachoniuma ni kwamba kujaribu tunajua. Nenda duka lolote la vifaa vya umeme ununue balbu. Kabla hujalipa, muuzaji anaichomeka kwenye soketi ya kaunta, inawaka, ndipo anaifunga. Hakuna anayeona huo ni utovu wa adabu. Sasa kwa nini balbu ya elfu mbili ijaribiwe, na kamera ya laki na zaidi ichukuliwe kwa imani?

Najua maneno yanayokuja. Mbeba maboksi ameona soko la Wazungu, anataka kutufundisha kununua. Hapana. Sijasema watu wa huku ni waaminifu kuliko sisi. Huku nako kamera mbovu zinauzwa kila siku, na mtandaoni wauzaji wameshajua kuandika "imetoka darini, haijajaribiwa" ili kesho usiwadai. Ninachosifu ni ile ruhusa ya kuifungua mbele ya mwenye mali, basi. Ruhusa hiyo haihitaji viza.

Na ukishapewa ruhusa, ujue cha kutazama. Nichukue Praktica MTL 5, kwa sababu ilitengenezwa mji huuhuu enzi za Ujerumani Mashariki, ipo kwa wingi, na shata yake, yaani mapazia ya ndani yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, inafanya kazi bila betri. Betri ni ya kipimamwanga tu. Fungua kifuniko chake chini kwa sarafu. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri iliachwa humo ikavuja. Unga unafutika kwa pamba yenye siki kidogo, lakini waya ulioliwa huko ndani haurudi.

Kisha fungua mgongo. Pitisha ukucha kwenye mifereji na kando ya bawaba. Sponji ya zamani ya kuzibia mwanga huoza ikawa kama lami, inanata kidoleni. Hiyo peke yake isikukimbize: inakwanguliwa kwa kijiti na spiriti, mahali pake unabandika sponji nyembamba au uzi mweusi wa sufi. Ila ikiwa lami imedondokea kwenye mapazia ya shata, iache mezani.

Shata ndiyo moyo wa jambo. Weka kasi kwenye B, bonyeza ushikilie: mapazia yafunguke yote, ukiachia yafunge yote. Rudia kwenye sekunde 1, kisha 1/30, kisha 1/1000 ukiwa umeuelekeza uso wa kamera dirishani. Kwenye 1/1000 unatakiwa kuona mstatili mzima wa mwanga kwa kupepesa. Ukiona nusu, au giza tupu, mapazia hayaendi pamoja. Simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde inakusaidia: 1/30 ichukue kama fremu 8. Kupita 1/125 simu haiaminiki tena, fremu zinakuwa chache mno.

Lenzi yake mara nyingi ni Pentacon 50 mm f/1.8, ya kufunga kwa skrubu ya M42. Ifungue. Kama ina swichi ya A, iweke hapo, pete kwenye f/16 (tundu dogo kabisa), kisha bonyeza kile kipini cha nyuma. Vipande vya kubana tundu vijifunge papo hapo, na ukiachia virudi papo hapo. Vikijivuta taratibu, grisi imeyeyuka ikavifikia. Matokeo yake ni picha za f/16 kuingia mwanga mwingi kupita kiasi, kwa sababu shata inamaliza kazi kabla tundu halijaziba. Halafu mulika tochi kwa upande, ukitazama kutoka upande wa pili. Vumbi lisikusumbue. Nyuzi zilizotawanyika kama mizizi ni fangasi, na kwa mtu wa Tanga, Unguja au Mombasa hilo ni neno zito: wanapenda joto na unyevu, na wakikaa muda mrefu wanakula utando uliopakwa kwenye kioo, hata ukisafisha alama inabaki.

Yote hayo ni dakika kumi. Hayatoshi, lakini yanachuja.

Hukumu yenyewe ni mkanda mmoja wa majaribio, mweusi na mweupe wa ISO 100, wa bei ya chini. Baada ya kuupachika, vuta mkono wa kusogezea na utazame kizungushio cha kurudishia: kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka utapiga picha 36 za hewa. Simama kwenye jua kali la saa sita, lenga ukuta uleule, piga nne: f/16 kwa 1/125, f/11 kwa 1/250, f/8 kwa 1/500, f/5.6 kwa 1/1000. Mwanga unaofika kwenye mkanda ni uleule mara zote nne, kwa hiyo negativu zote ziwe na weusi sawa. Ya nne ikiwa nyepesi, 1/1000 ni mbovu. Ya kwanza ikiwa nzito, vipande vya lenzi vinanata. Kisha panga chupa tano mshazari, umbali wa mita moja, f/1.8 (tundu kubwa kabisa), fokasi kwenye ya katikati. Ikitoka kali ya mbele au ya nyuma, kioo cha ndani kimehama na kidirisha cha kutazamia kinakudanganya. Mwisho iache kamera juani dakika kumi kati ya picha mbili. Mwanga uliovuja hadi kwenye matundu ya pembeni ya mkanda umepitia mgongoni. Ulioishia ndani ya fremu umetokea upande wa shata.

Na hapa niseme kwa fahari: jaribio hili linafanyika vizuri zaidi Dodoma kuliko Dresden. Huku mwezi Novemba jua linazama saa kumi na kidogo jioni, na mchana kutwa mawingu. Hiyo f/5.6 kwa 1/1000 utaingoja mpaka masika yao. Kwetu jua la bure lipo karibu mwaka mzima. Mafundi pia: huku Praktica ikikwama inatupwa, kwa sababu kuifungua tu kunazidi bei yake. Kwetu fundi saa bado anakaa na bisibisi zake barazani, na hakuna skrubu inayomtisha.

Tunapokwamia ni kusafisha mkanda. Huku unautia kwenye bahasha katika duka la sabuni na miswaki, baada ya wiki moja au mbili unachukua negativu. Kwetu studio nyingi zilizokuwa zikisafisha sasa zinachapa kutoka kwenye simu. Inakera, lakini mweusi na mweupe unasafishwa jikoni. Muda wa dawa ya kusafishia huandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, maji ya bomba ya Dar yanazidi hapo. Izungushie chupa ya dawa barafu kwenye beseni, upime kwa kipimajoto. Ukishindwa kuishusha, punguza muda kwa takribani sehemu moja ya kumi kwa kila digrii moja, ila usiende chini ya dakika tano, madoa yatatokea.

Mtasema wauzaji wetu hawawezi kuwapa watu wote hiyo nafasi, vitu vinaibiwa na vinaangushwa. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siibezi. Basi muuzaji aishike mwenyewe: afungue mgongo, abonyeze B, wewe utazame. Akikataa hata hilo, mwambie kwa heshima utamlipa bei ya spea: lenzi kwa unachokiona, mwili kama chuma.