Serumu: gurudumu lifunguliwe au lishikwe? Mtoto mahututi katika vituo vya afya vya Goma

Kuanzia Majengo hadi Mugunga, mtoto akifikishwa kituoni amelegea, familia huuliza kwanza kama ameshatundikiwa serumu, yaani maji ya mshipa. Kutundika si jambo gumu. Ugumu uko kwenye lile gurudumu dogo la mpira wa serumu, linaloongeza au kupunguza mwendo wa matone, kwa sababu mtoto mmoja atapona likifunguliwa lote na mwingine, mwenye macho yaleyale yaliyofifia na mikono ileile ya baridi, atakufa kwa kufunguliwa huko. Tangu mwaka 2011 jambo hili limewagawa wauguzi na madaktari wa watoto, na kila upande una hoja zenye uzito.

Wanaosema fungua wana Goma yenyewe kama shahidi. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa mjini na kandokando yake, kipindupindu na kuhara damu vilikuwa chanzo kikuu cha vifo vya karibu watu 50,000 ndani ya mwezi wa kwanza. Watafiti kutoka Bangladesh, waliozoea ugonjwa huo kwao, walichunguza kwa nini hata waliofikishwa kwenye vituo vya matibabu waliendelea kufa. Walikuta maji ya mshipa yanatolewa polepole mno, tena mara nyingine si ya aina inayofaa, SRO (maji ya chumvi na sukari) ya kunywa haitumiwi vya kutosha, na wahudumu wengi hawajawahi kutibu kipindupindu. Yaani dawa ilikuwepo, mwendo wake ndio uliokosewa.

Kwa mtoto aliyekaushwa na kuharisha, somo hilo halijabadilika. Kipimo ni mililita 100 kwa kila kilo, Ringer laktati (aina ya maji ya mshipa yenye chumvi) ikipatikana. Mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi hupewa mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Chini ya mwaka, 30 kwa saa moja, kisha 70 kwa saa tano. Mtoto wa kilo 12 atahitaji mililita 360 katika nusu saa ya kwanza. Kwa mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 240 kwa dakika, ambayo hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Kwa hiyo gurudumu hufunguliwa lote, na kinachoangaliwa ni alama ya plasta iliyobandikwa kwenye mfuko. Hapo muuguzi anayesubiri idhini ya daktari kwa simu anapoteza dakika ambazo mtoto hana.

Upande wa pili ulipata nguvu kwa utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kutolewa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini waligawanywa: wengine walimiminiwa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo, wengine wakapewa maji ya kawaida tu ya kutwa. Wakaguzi wa usalama waliusimamisha kabla ya kukamilika. Katika saa 48, waliokufa kati ya waliomiminiwa walikuwa kama 10.5 kwa kila 100; wasiomiminiwa, 7.3. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, na karibu theluthi walikuwa na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 5 kwa desilita. Wanaotoka Walikale au mabonde ya Rutshuru na mtoto mwenye homa ya siku nne watamtambua mtoto huyo mara moja.

Uchambuzi wa baadaye ulionyesha jambo ambalo wauguzi wengi hawalitarajii. Tumezoea kudhani kwamba maji mengi huua kwa kujaa kwenye mapafu, kwa hiyo tunasikiliza kifua, na tusiposikia mlio tunaendelea. Vifo vingi vilivyozidi katika FEAST vilitokana na moyo na mishipa kuzidiwa na kuanguka, si mapafu kujaa wala ubongo kuvimba. Kifua kikavu, basi, si ruhusa ya kuongeza mfuko.

Je, hoja hiyo inatosha kufunga gurudumu kwa kila mwenye homa? Wapinzani wa FEAST wanasema hapana. Kwanza, watoto wenye kuhara, utapiamlo mkali, kuungua na majeraha hawakuingizwa kabisa, hivyo matokeo hayawezi kuhamishiwa kwao. Pili, wengi waliingizwa kwa dalili moja au mbili tu, si mshtuko kamili, yaani hali ya damu kushindwa kufika mwilini. Waliotimiza vigezo vikali vya Shirika la Afya Duniani walikuwa 65 tu: kati ya 50 waliomiminiwa walikufa 24, kati ya 15 wasiomiminiwa walikufa 3. Namba hizo zinatisha, lakini ni ndogo mno kumaliza ubishi. Tatu, wanasema, hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia, na kwenye mashine hizo maji ya haraka yangevumilika. Hoja ya tatu ni ya kweli, ila hapa kwetu inageuka dhidi ya mwenye kuitoa, kwani kituo cha afya cha Ndosho au Turunga hakifanani na chumba cha wagonjwa mahututi cha Paris. Hata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu maambukizi makali ya damu kwa watoto ulitenganisha mambo hayo mawili: palipo na huduma ya wagonjwa mahututi, hadi mililita 40 au 60 kwa kilo kidogokidogo katika saa ya kwanza, pasipo nayo, kama shinikizo la damu halijashuka, usimimine.

Shirika la Afya Duniani lilichukua njia ya kati mwaka 2016, na mafunzo ya TETU (ya kuchagua, kupima na kutibu watoto wa dharura) yanafuata mantiki hiyo. Mshtuko ni dalili tatu kwa pamoja: mikono na miguu baridi, rangi ya ukucha uliobonyezwa kurudi baada ya sekunde zaidi ya 3, na mapigo dhaifu yanayokimbia. Zikikamilika zote, mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, kisha mtoto apimwe upya. Zikiwa moja au mbili, hakuna kumimina. Kwa kilo 12, mililita 120 katika saa moja ni matone 40 kwa dakika. Linganisha na yale 240 ya kipindupindu.

Ubaya ni kwamba dalili hizo hupimwa vibaya. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyebebwa mgongoni alfajiri kutoka Kanyaruchinya atakuwa na vidole baridi hata kama moyo wake ni mzima. Mfunike kwanza, bonyeza ngozi ya katikati ya kifua kwa sekunde 3, na upime baridi kwa kupanda na mkono: vidole tu, au hadi kwenye kiwiko? Mapigo yahesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa hajatoka kulia. Zaidi ya 160 kwa aliye chini ya mwaka, au zaidi ya 140 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ya kasi.

Ugumu wa kweli uko kwa wale walio katikati, wenye homa na kuharisha kwa pamoja. Hapa ningemwamini mama kuliko ngozi: ameharisha mara ngapi tangu jana, ni maji matupu au uji, alikojoa lini mara ya mwisho, macho yamezama leo au ndivyo alivyo? Ngozi ya mtoto aliyekonda hukaa imekunjwa hata asipokauka, na uvimbe wa kwashiorkor huficha ukavu uliopo. Kwa mwenye utapiamlo mkali aliye katika mshtuko, kiasi hushuka hadi mililita 10 au 15 kwa kilo kwa saa, apimwe kila dakika 5 hadi 10. Pumzi zikiongezeka 5 kwa dakika au mapigo 15, simamisha. Kisha kuna mtoto mwenye viganja vyeupe. Huyo apimwe hemoglobini kabla mpira haujaguswa, kwa sababu ikiwa chini ya 5 anahitaji damu haraka; maji ya haraka yatazidi kuipunguza nguvu ile damu kidogo iliyobaki.

Kosa lililo baya kuliko yote mawili linatendeka kimya: kumimina serumu ya sukari ya asilimia 5 kwa mtoto aliye katika mshtuko. Haikai ndani ya mishipa, inashusha chumvi ya damu, na ubongo unaweza kuvimba. Sukari ikiwa imeshuka, kinachotolewa ni glukozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Ikiwa iliyopo ni ya 50, changanya sehemu moja na sehemu nne za maji safi ya sindano.

Majeraha yana hesabu yake, na hapo wenye FEAST hawana la kusema. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 10 akipoteza kikombe kimoja amepoteza robo. Kidonda kibanwe, maji yaanze, damu itafutwe. Aliyemwagikiwa sufuria ya maharage kwenye mbabula, akiungua zaidi ya asilimia 10 (kiganja chake pamoja na vidole ni 1), huhesabiwa mililita 4 mara kilo mara asilimia, nusu ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipofika.

Kwa maoni yangu, muuguzi wa Goma apewe ruhusa iliyoandikwa ya kufungua bila kumsubiri daktari kwa kuhara maji na kwa kutokwa damu. Kwa homa, kipimo cha hemoglobini kitangulie, na mfuko umwagwe kabla ya kutundikwa hadi kibaki kile kiasi kilichohesabiwa, maana lita nzima ikipita kwa mtoto wa kilo 12 ni zaidi ya mililita 80 kwa kilo. Watakaopinga watasema muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi hawezi kurudi kila robo saa. Ni kweli, na ankara inazidisha tatizo: mfuko hulipiwa, kuhesabu mapigo hakulipiwi na mtu. Lakini asiyeweza kurudi ndiye hasa asiyepaswa kuacha gurudumu wazi.

Anabaki mtoto mmoja ambaye hakuna mwongozo unaomtosheleza: ana homa, dalili tatu zote, hemoglobini 6, ni usiku, na damu iko hospitali kuu. Huyo ningempa mililita 10 kwa kilo kwa saa nzima, oksijeni kama ipo, sukari ipimwe, dawa ya malaria au antibiotiki ianze bila kungoja, na gari liitwe wakati tone la kwanza linaanguka, siyo mfuko ukiisha.