Cha kupima ndo kinatumaliza

Jamani mi nimechoka na huu ushauri wa kubana matumizi, eti punguza nyama, eti acha soda, nyama yenyewe tunaila lini? Huku Mbagala tupo watano ndani, mume wangu anaendesha bodaboda, mi nasuka nywele kibarazani, na tulishabana mpaka pa kubana pakaisha. Kinachotumaliza ni kununua vya kupima, kidogo kidogo kila siku.

Mwaka jana nilifanya kajaribio kangu. Kila mtoto akitoka kwa Mangi, mwenye duka letu la mtaani, na mafuta ya mia tano nayamimina kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja, siyatumii, nahesabu tu (wiki ile tulikula vya kuchemsha, watoto walininunia vibaya mno). Chupa ilijaa kwa vipimo 14. Buku saba hiyo! Dumu la lita tano duka la jumla nikalipata 26,000, yaani lita haifiki hata 5,300. Nkakaa chini nikakumbuka miaka yote ya ndoa yangu na vile vifuko vya mafuta.

Sasa mwenye mshahara anakwambia "nunua jumla" kama vile ni swala la kuamua tu. Hela yetu inaingia kwa siku. Mume akishatoa hesabu ya bosi na mafuta ya pikipiki anabaki na elfu nane, kumi siku ikiwa nzuri, na hiyo hiyo ndo unga, ndo mboga, ndo nauli ya mtoto kesho, dumu la 26,000 unalitolea wapi?

Kilichonitoa ni mchezo. Tupo wanawake kumi, buku tatu kila siku, kila siku ya tano mmoja anabeba 150,000. Kibubu nilishajaribu nikakichokonoa na kisu ndani ya wiki mbili, ila kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, akipita mlangoni wee huwezi kumwambia "sina" wakati wenzio tisa wametoa, aibu yake! Kuna siku nimekopa kwa jirani ili nipeleke.

Sema na jumla nayo ina mambo yake. Dumu la kwanza liliisha wiki tatu, maana mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mwepesi, mtu anamimina tu. Siku hizi natoa ya wiki kwenye kichupa, dumu linalala chini ya kitanda changu na mwenye ufunguo wa chumba ni mimi.

Umeme nao nimeshindwa. Ile bei ya chini ni ya anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, peke yangu nisingefika hata nusu, lakini vyumba sita tunachangia mita moja kwahiyo tunahesabiwa kama tajiri mmoja mwenye mafriji.

Ila kubwa ni Mangi. Alipoona sinunui tena mafuta wala unga kwake alianza kunijibu mkato, na Mangi ndo mwenye daftari la kukopesha, mwezi wa nne pikipiki ilipokaa gereji siku tisa ni yeye alietulisha. Kwahiyo chumvi, kiberiti, sabuni na majani ya chai bado natuma kwake kila siku, najua kabisa vina bei, nalipa.