Ribbons si mwendawazimu

Mwandishi, umemwita Ribbons Almark, adui mkuu wa katuni ya Kijapani Gundam 00, "mwendawazimu mwenye uchu wa madaraka". Hapo nakukatalia. Mwendawazimu gani anaweza kumvumilia bosi wake Alejandro Corner muda wote ule, akijifanya kijana wa kutumwa, huku anaitia mkononi kimyakimya Veda, kompyuta kuu inayoongoza mipango ya marubani wa Gundam? Corner anakuja kushtuka dakika za mwisho, jamaa anamcheka tu.

Halafu umeliruka jambo kubwa kuliko yote. Ribbons ndiye aliyekuwa ndani ya 0 Gundam, roboti ya kivita, siku ile kwenye vita vya nchi ya Krugis. Setsuna, shujaa wa hadithi, wakati huo mtoto mwenye bunduki, anainua macho anaona mashine inashuka na mbawa za mwanga, anadhani ni Mungu. Na Ribbons anayaona yale macho! Baadaye anakiri ndiye aliyempendekeza Setsuna awe rubani wa Gundam. Kwangu mimi, kichwa kilianza kuvimba palepale. Mambo ya A-Laws, lile jeshi la ukandamizaji aliloliendesha kwa siri, yalifuata tu.

Tena sauti yake ni ya Tōru Furuya, yuleyule aliyemwigiza Amuro kwenye Gundam ya kwanza mwaka 1979, ila humu kajiandikisha kwa jina jingine. Shujaa wa kwanza wa Gundam kageuzwa mungu wa bandia, na wewe hukuipa hata sentensi moja!