Shemeji na Kanuni Yake Moja

Shemeji yangu aliponunua mashua ya tanga moja yenye kiinjini cha kubandika tezini, alipata na kanuni moja ya baharini juu yake, sijui kwa nani: "Mwenye tanga hupishwa na kila mtu." Aliitamka tukifungua kamba, akairudia tukipita boya la kwanza, na alipoona nimenyamaza akadhani nimekubali.

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya waendesha vyombo vidogo, na kichwani bado nimebeba Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zile zilizopitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Alichosikia shemeji ni kipande cha Kanuni ya 18. Ni kweli, inataka chombo cha mashine kimpishe anayekwenda kwa tanga. Lakini mstari wake wa kwanza kabisa unazitanguliza Kanuni za 9, 10 na 13, na huo ndio mstari ambao watu huuruka kama hawajauona.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo injini inayonguruma nyuma yako huizimi?"

"Niizime ya nini na upepo wenyewe ndio huu?"

"Basi sisi si chombo cha tanga. Injini ikishasukuma, hata utweke matanga saba, unahesabiwa chombo cha mashine. Chombo kikienda namna hii hutakiwa kutundika koni nyeusi mbele, ncha chini, ili wenzake wajue."

"Tanga unaliona, hulioni?"

"Naliona."

"Basi na wao wanaliona."

Kubishana na shemeji nyumbani kuna nafuu, unaweza kutoka nje ukapunga upepo. Ndani ya mashua ya mita sita upepo mnaupunga pamoja.

Tulikuwa tunaukata mkondo wa kuingilia bandarini, kutoka upande mmoja wa maboya kwenda wa pili, ndipo meli ya mizigo ikajitokeza kwenye kona, mkono wetu wa kulia. Ilikuwa mbali bado. Nikailinganisha na kamba inayoshikilia mlingoti. Nikahesabu taratibu, nikatazama tena. Ilikuwa palepale kwenye kamba, haijasogea mbele wala nyuma, ila imenenepa. Mafundisho yote ya baharini yanakubaliana hapo: chombo kisichobadili mwelekeo wake machoni pako huku kinakua, mna miadi nacho.

"Shemeji, tuipishe."

"Itupishe yenyewe. Tanga hilo hapo."

Nikamweleza kwa upole, maana mashua ni yake. Kwanza, sisi ni mashine. Pili, mashine mbili zinapokatana njia, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha, na meli iko kuliani. Tatu, tungekuwa tanga tupu, tanga la hariri, Kanuni ya 9 bado inatukataza: ndani ya mkondo mwembamba, chombo cha tanga au chochote chini ya mita 20 hakimzuii yule asiyeweza kupita salama ila humo mkondoni. Nje ya yale maboya hakuna kina cha kuibeba meli ile. Ikitupisha, inapanda mwamba.

"Hizo sheria za mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa sabini na mbili."

"Mimi nilikuwa hata sijazaliwa," akasema, na kwa upande wake kesi ikawa imefungwa.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia meli kubwa yenye mzigo, ikiwa kwenye mwendo wake kamili, huhitaji kilomita kadhaa kusimama. Nikamwambia hata kanuni za ujenzi wa meli zinakubali aliye kwenye usukani asiyaone maji yaliyo mbele ya pua yake kwa umbali wa mpaka mita 500, ikitegemea urefu wa meli. Hapo nikamwona kidogo amepepesa macho.

"Yaani hawatuoni?"

"Kwa sasa wanatuona. Subiri."

Meli ikapiga honi. Milio mitano mifupi, ya haraka.

Shemeji akatabasamu uso mzima. "Umeona? Wanatusalimia!"

Milio mitano mifupi maana yake: sielewi unachokusudia, na nina shaka kama unafanya chochote cha kuepuka ajali. Ndiyo tusi pekee lililoandikwa rasmi kwenye mkataba wa kimataifa. Kabla sijamaliza kutafsiri, shemeji alishakichukua kihoni chake cha mkebe, akajibu salamu kwa adabu, mara mbili: pii, pii.

Milio miwili: "Nageuza kushoto."

Kushoto! Meli inatoka kulia, sisi tumewatangazia kwamba tunakwenda kukatisha mbele ya pua yake. Sijui walisema nini mle juu, lakini milio mitano ilirudi, safari hii bila salamu ndani yake, na mtu akatoka mbio kwenye roshani ya chumba cha usukani. Shemeji akampungia.

Kilichombadilisha mawazo ni kivuli. Meli ilipolifunika jua, akainua uso, akauona ule ubavu, kutu na michoro ya kina cha maji na nanga iliyotuzidi sisi na mashua yetu, na ile haki ya tanga ikamtoka mwilini kwa jasho. Akageuza kulia kwa mikono miwili, akaendelea kugeuza, akapitiliza, tukarudi tulikotoka kwa kasi yote ya kiinjini, tukatoka nje ya maboya. Nikapaza sauti, "Basi, inatosha!" Mkuku, ule mti wa chini kabisa ya mashua, ukajibu kabla yake. Ukasaga, ukakwama, sote tukaenda kupiga magoti.

Fungu la mchanga. Tungeweza kujinasua, nina hakika, kama si mawimbi ya ile meli. La kwanza lilitunyanyua, la pili likatusogeza, la tatu likatuweka juu kabisa ya fungu, taratibu. Na maji yalikuwa yanapwa. Baada ya muda si mrefu tulikuwa tumepwelewa kwelikweli, mashua imelala ubavu, sisi tumekaa ukingoni miguu ikining'inia, kaa wanapita chini.

Shemeji alinyamaza sana. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeokoka akataka kubatizwa, akauliza, "Na sisi kanuni inasemaje?"

"Ya 30. Chombo kilichokwama kinatundika mipira mitatu myeusi, wima, na usiku taa mbili nyekundu pamoja na ile ya nanga. Lakini mipira hiyo na zile nyekundu, sisi tulio chini ya mita 12 tumesamehewa."

"Sisamehewi," akasema. "Leo tunafuata sheria."

Akavuruga mashua nzima. Boya jeusi la kukinga ubavu lilipatikana mara moja. La pili ikawa ndoo. Ya tatu akakosa, akachukua birika letu, jeusi tititi kwa masizi, akavifunga vyote kwenye kamba na kuvipandisha mlingotini, ambao kwa kuwa mashua imelala, ulikuwa umeelekea zaidi pembeni kuliko juu. Akarudi kukaa, kifua mbele.

Ikapita ngalawa ya mvuvi, mahali penye maji ya kutosha kwa ngalawa. Akaacha kupiga kafi. Akatutazama, akavitazama vyombo mlingotini, kimoja kimoja.

"Ndoo mnauzaje?"

Shemeji akasimama, akashika kamba ya mlingoti, akamweleza Kanuni ya 30 yote, mipira, taa, mita 12, kana kwamba aliitunga mwenyewe. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nimekuelewa, kaka. Na birika?"