Pumu ya Wamarekani Weusi: nani hasa hajaelewa?

Mmarekani Mweusi ana uwezekano mara 3 zaidi ya mwenzake Mzungu kufa kwa pumu, na mara 5 zaidi kukimbizwa idara ya dharura akiwa amebanwa. Takwimu hizi za mwaka 2020 hazibishaniwi sana. Ubishi unaanza ukiuliza kwa nini. Wapo wanaosema wagonjwa hawauelewi ugonjwa wao na wameng'ang'ania mazoea ya wazee wao; wapo wanaosema tatizo ni hewa, nyumba na mfuko. Mimi nipo karibu zaidi na hao wa pili, ila hoja ya kwanza ina nguvu kuliko wanavyopenda kukiri.

Tuanze na dawa yenyewe. Mwenye pumu ya kudumu kwa kawaida hupewa inhela 2. Moja ni ya kutuliza: unavuta, na baada ya dakika chache kifua kinafunguka. Ya pili ni ya kinga, ina steroidi, na kazi yake ni kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa. Hii ukivuta husikii tofauti yoyote papo hapo, na bado unatakiwa uivute hata siku uliyoamka mzima. Mtu mwenye akili zake ataiamini ile inayojibu. Tena kuna namna ya kuvuta: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi. Kuna na karatasi ya mpango yenye kijani, njano na nyekundu, rangi zinazomwonyesha mgonjwa hali yake na la kufanya. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2003 ulikuta asilimia 58 ya watu wazima Weusi wako katika ngazi 2 za chini za uelewa wa taarifa za afya. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 28. Hoja hii haikuzuliwa.

Hata hivyo, utafiti mdogo wa mwaka 2005 uliofanywa kwa wagonjwa waliolazwa kwa pumu huko huko Marekani ulionyesha jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Wenye uelewa mdogo walianza nyuma ya wenzao, kwa maarifa na kwa uvutaji wa dawa. Wakaelekezwa ana kwa ana kwa takriban nusu saa, nao wakashika na kukumbuka kama wengine. Inaelekea kilichokosekana ni hiyo nusu saa.

Kuhusu utamaduni, mambo yana utamu wake. Mwaka 2000 watafiti wa California waliwavutisha wagonjwa Weusi na Wazungu dawa inayobana njia za hewa kwa makusudi, wakawauliza wanajisikiaje. Wazungu walitaja kukosa hewa na kizunguzungu. Weusi walitaja koo: limekaza, linawasha, sauti imebana, na woga umewaingia. Daktari anayesubiri kusikia habari za kifua anaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa aliyekwisha kumweleza kila kitu.

Kahawa nyeusi nayo, ambayo wengi wamerithishwa na bibi zao kama dawa ya kubanwa, si upuuzi. Kafeini ina undugu na theofilini, dawa ya pumu ya siku nyingi, na hufungua njia za hewa kidogo kwa saa chache. Hatari huja pale kahawa, mafuta ya kuchua na sala vinapochukua nafasi ya inhela ya kinga. Ipo pia hofu kwamba dawa itauzoesha mwili, hofu ambayo msomaji wa Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa.

Kwa kutoamini hospitali, kila mchambuzi hutaja Tuskegee, ambako kati ya 1932 na 1972 mamia ya wanaume Weusi waliachwa na kaswende bila tiba. Kwa pumu upo mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2003 majaribio makubwa ya salmeterol, dawa ya pumu inayofungua njia za hewa kwa saa nyingi, yalisimamishwa. Vifo vilivyotokana na pumu vilikuwa vichache, lakini vilizidi kwa waliopewa dawa hiyo, na hatari ilionekana kubwa zaidi kwa Weusi. Onyo kali kabisa likawekwa. Kwa inhela zinazochanganya dawa hiyo na steroidi, liliondolewa mwaka 2017 baada ya tafiti mpya kuonyesha mchanganyiko huo ni salama. Anayesema "dawa hizo zinatuua" hakuota. Ameshika habari ya zamani, na hakuna aliyerudi kumpa mpya.

Upande wa pili una ramani. Miaka ya 1930 chombo cha serikali kilipaka rangi nyekundu mitaa mingi ya Weusi, na mikopo ya nyumba ikawa adimu huko. Utafiti wa mwaka 2020 katika miji 8 ya California ulikuta wakazi wa maeneo hayo wanafika idara ya dharura kwa pumu mara 2.4 zaidi ya wakazi wa maeneo yaliyopewa daraja bora. Ukungu ukutani, mende jikoni na moshi wa malori haviondolewi kwa kipeperushi. Isitoshe, kwa miongo mingi vipimo vya mapafu vilihesabu kwamba pafu la Mweusi ni dogo kwa asili, kwa hiyo ugonjwa wake ulionekana mwepesi. Ni mwaka 2023 tu ndipo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipopendekeza hesabu hiyo iachwe.

Udhaifu wa upande huu ni muda. Mtu wa Bronx, jijini New York, anayebanwa usiku wa leo hawezi kusubiri barabara kuu ihamishwe.

Ndiyo maana nauthamini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 wa watu wazima 1,201, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Takriban nusu yao walielekezwa mara moja tu: kila ukivuta ya kutuliza, vuta na ya steroidi. Hawakuombwa kubadili mazoea, ila kupandisha kinga juu ya mazoea waliyonayo. Mashambulio makali kwao yalikuwa 0.69 kwa mtu kwa mwaka, dhidi ya 0.82 kwa wenzao walioendelea na matibabu ya kawaida. Ni punguzo la kweli, ila hiyo 0.69 iliyobaki ni kubwa, na sidhani somo lingine litaimaliza bila kugusa nyumba na hewa. Januari 2023 Marekani ikaidhinisha kwa watu wazima inhela moja yenye dawa zote 2, kwa hiyo anayetafuta nafuu anapata na kinga humo humo. Mwaka uliofuata kampuni 3 kubwa zikatangaza kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa kile mgonjwa anacholipa dirishani. Kikomo hicho ni hiari ya kampuni, si sheria.