Shukrani zetu haziishii kwa mliotutuma

Wapendwa wa nyumbani mliotutuma ng'ambo kwenye misheni, leo naandika kwa niaba yangu mwenyewe sio kama "familia ya mtumishi", maana barua za maombi zina mpangilio wake na mnaujua, picha ya watoto wanacheka, asanteni kwa sapoti, mahitaji ya mwezi huu ni haya, Mungu awabariki. Yote ni kweli ila kuna mengi yanabaki nje.

Najua mnavyotuongelea. Wapo wanaosema tumeula, si tuko ng'ambo, na wapo wanaotuonea huruma kana kwamba tumepelekwa vitani. Mimi naona wote mmekosea, na wa huruma mmekosea zaidi kidogo.

Nyumbani mimi ni mama mchungaji. Nikiingia mahali napewa kiti, nikiugua sebule inajaa watu kabla hata dawa haijafanya kazi, nikisema neno watu wanaitikia amina hata kama sijamaliza. Huku hakuna anayenijua. Lugha yao naiongea kama mtoto wa chekechea, fomu ya shule nasomewa na jirani, hospitali naonyesha kwa kidole panapouma. Halafu viza yenyewe inasema mimi ni mtegemezi wa mume wangu na siruhusiwi kuajiriwa, na sio mimi tu, hata Marekani mtumishi wa dini akiingia kwa viza ya R-1 mke wake anapewa R-2 na kazi ya mshahara hagusi. Mwalimu mzima nilizoea darasa limejaa, leo nangoja mtu aniambie takataka zinatolewa siku gani jamani.

Sasa hapo ndo penyewe. Nyumbani tulikuwa watu wa kutoa, kufariji, kushauri, kuombea, mpaka tukasahau kupokea kukoje. Huku tumefika na mikono mitupu kwa watu ambao hawajatuita, wengine hata hawaamini kile tulichokuja kukisema, na wao ndo wametubeba. Yule jirani anayenisomea fomu hana dini yoyote, ananiambia wazi bila kuficha, lakini nilipolazwa yeye ndo aliyewalisha watoto wangu, akawapeleka shule na kuwarudisha, na hakuna siku amenikumbusha hilo. Niambieni kwenye ripoti ya misheni tunayowatumia namuweka wapi? Kuna sehemu ya waliookoka, sehemu ya waliobatizwa, sehemu ya vikundi vya kujifunza Biblia. Sehemu ya waliotusaidia sisi haipo.

Na sio jambo geni hili. Someni Matendo 28, Paulo meli imevunjika, wamefika Malta wamelowa na baridi inawapiga, wenyeji wakawawashia moto. Publio akawakaribisha kwake siku tatu, wakakaa kisiwani miezi mitatu, na siku ya kuondoka wale watu wakawapakilia kila walichohitaji. Paulo aliwaombea wagonjwa wakapona, sawa, ila Luka haandiki popote kwamba hata mtu mmoja wa Malta alibatizwa. Fadhili zao kaziandika hivyo hivyo, hajazifanya utangulizi wa kitu kingine. Mimi hiyo sura nilishaihubiri nyumbani zaidi ya mara moja nikiwa nakimbilia kwenye yule nyoka aliyemng'ata Paulo.

Kuhusu hela nitasema kifupi. Kuishi kwa sadaka za watu kunakufanya ukinunua hata viatu vya mtoto ufikirie bibi gani kanisani kajinyima, na wengine wanatutajia mmisionari Mwingereza Hudson Taylor kwamba alianzisha misheni yake ya China mwaka 1865 bila mshahara wa uhakika na bila kuomba mtu pesa. Kweli kabisa, namheshimu. Ila wanaomtaja hawasemi kwamba mke wake Maria alifia hukohuko 1870, na kabla hajafa walishazika watoto.

Hapo ndo panaponiuma, kwenye historia hizi mke na watoto wanapita haraka sana. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao, sisi tunakumbuka kamusi yake ya Kiswahili na tafsiri zake za Biblia. Mmisionari Mwingereza William Carey alikwenda India 1793 na mkewe Dorothy ambaye mwanzoni alikataa kabisa kwenda, mwaka uliofuata wakafiwa na mtoto wao Peter, yule mama akachanganyikiwa akili na hakupona mpaka alipofariki 1807, huku mume chumba cha pili anaendelea kutafsiri Biblia. Simhukumu Carey. Ila shukrani za misheni zikisomwa kanisani Dorothy hayumo, na mimi nikiwa jikoni usiku namfikiria yeye kuliko mumewe.

Mume wangu aliitwa, mimi nikakubali, lakini watoto hakuna aliyewauliza. Wameacha bibi na babu na binamu, sasa wanafahamiana kwa video kol, intaneti ikikatika na undugu unakatika. Wakija likizo mnawaambia wamebadilika, huku wanaambiwa ni wageni. Na bado kila kanisa tunalotembelea wanasimamishwa mbele waimbe wimbo kwa ile lugha ya huku, watu wapige picha. Mkubwa wangu ameniomba safari hii asiimbe na nimemkubalia, kwahiyo wazee wa kanisa mkisoma hapa mjue mapema, msinitegee siku hiyohiyo na maiki mkononi.

Sisemi kwamba kwenu hatushukuru, jamani msininukuu vibaya. Kuna watu huko wametoa wakati wao wenyewe hawana, Mungu anawajua. Ila Paulo naye alivyowaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa msaada walioutuma kwa mkono wa Epafrodito, hilo la msaada kaliweka mwishoni kabisa sura ya nne, kwanza kaongea nao kama marafiki, na huyo Epafrodito akamsifu maana aliugua karibu kufa kwa ajili ya kumhudumia. Barua zetu sisi zinaanza na mahitaji, utadhani bili ya umeme.

Nimeshaongea na mzee wa nyumba hii, yaani mume wangu, maana yeye ndo mwandishi wa ripoti. Takwimu mtaletewa kama kawaida. Ila ukurasa wa kwanza safari hii ni wa jirani, na yeye mwenyewe tumemuomba ruhusa, kacheka akauliza kwani watu wa kanisani kwenu watanisoma mimi wa nini.